Usingizi Njiani Igoji

Wambeti aliamka mapema kama alivyofanya kila siku tangu likizo ianze. Aliwamwagia kuku mahindi, akafagia ua, kisha akaketi kibarazani na nyanya yake kuchambua maharagwe. Nyumba ya nyanya ilikuwa Kianjai, karibu kabisa na soko, na siku za Jumamosi sauti za wauza ndizi zilisikika hadi jikoni. Lakini Jumamosi hiyo Wambeti hakuwa akiwasikiliza wauzaji. Alikuwa akisikiliza injini.

"Utayachosha masikio bure," nyanya alimwambia. "Wakifika, watafika."

"Mama alisema saa tatu, nyanya. Sasa hivi saa nne imepita."

Mama yake, Ruguru, alikuwa daktari wa mifugo kule Runyenjes. Kila siku alipanda na kushuka vilima kwa pikipiki akitibu ng'ombe na mbuzi. Rafiki yake, Cicily, alikuwa nesi, naye alitumia pikipiki kupeleka chanjo vijijini. Wawili hao walikuwa marafiki tangu shule ya upili. Walipokuwa wasichana waliahidiana kwamba siku moja wangeliona Ziwa Turkana kwa macho yao wenyewe. Mwaka huu, wote wakiwa wametimiza miaka arobaini, waliomba likizo, wakafunga mizigo, wakawasha pikipiki zao.

Si kila mtu aliyefurahi. Mzee Njuki, jirani yao aliyeuza mbegu na dawa za mifugo, alisema mbele ya wateja kwamba akina mama hao wasingevuka Isiolo. Walivuka. Walifika ziwani, na sasa ilikuwa siku ya tisa, siku ya kurudi nyumbani. Walikuwa wapitie Kianjai kumchukua Wambeti.

Wambeti alikuwa na sababu yake ya kuharakisha. Kesho yake, Jumapili, kwaya ya watoto ya kanisa lao Runyenjes ingeimba mbele ya wageni kutoka makanisa mengine, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza wimbo. Alikuwa ameufanyia mazoezi wiki nzima, mpaka nyanya akaujua wote.

Saa tano pikipiki mbili ziliingia uani. Wambeti alikimbia kuwalaki, kisha akasimama ghafla. Hakumtambua mama yake. Vumbi jekundu lilikuwa limemganda kwenye nyusi, midomo ilikuwa imepasuka kwa upepo, na macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni penye moshi. Anti Cicily alishuka polepole, akashika kiuno kwa mikono miwili.

"Karibuni, wanangu," nyanya alisema. "Mlilala wapi jana?"

"Isiolo," Ruguru alijibu. "Lakini kulala ni jina tu, mama. Malori yalinguruma nje ya dirisha mpaka kukakucha."

"Na juzi?" nyanya aliuliza.

"Juzi tulipata pancha mbili. Tulifika Laisamis tumechoka hoi."

Nyanya aliwapa uji na viazi vitamu. Walikula bila kumaliza. Mwishowe nyanya alisema, "Ruguru, lala hapa leo. Kesho mtaondoka mkiwa na nguvu."

Ruguru alimtazama Cicily. Cicily akamtazama Ruguru. Kila mmoja alionekana kama anayemsubiri mwenzake aseme kwanza.

"Mimi niko sawa," Cicily alisema.

"Hata mimi niko sawa," Ruguru alisema.

"Na mimi kesho ninaongoza wimbo, mama," Wambeti aliongeza haraka. "Tukilala hapa tutachelewa."

Basi ikaamuliwa waende. Wambeti alivaa helmeti ya akiba, akapanda nyuma ya mama yake, akamkumbatia kiunoni. Nyanya alisimama langoni akiwapungia mkono, uso wake ukiwa na wasiwasi.

Mwanzoni safari ilikuwa njema. Lakini kabla ya kufika mjini Meru, Wambeti alihisi mwili wa mama yake ukilegea. Helmeti yake iliinama mbele, taratibu, kisha ikainuka kwa ghafla. Pikipiki iliyumba kidogo. Baada ya dakika chache, ikatokea tena. Wambeti alimbana mama kiunoni kwa nguvu, naye mama akakaa wima.

Walisimama karibu na soko la Gakoromone kunywa chai. Mama alikwenda bombani kunawa uso. Anti Cicily alimsogelea Wambeti, akamshika bega.

"Wambeti, niambie ukweli. Mimi niko nyuma, sioni vizuri. Mama yako anasinzia?"

Wambeti alijua jibu. Alijua pia kwamba akilitoa, watatafuta mahali pa kulala hapo Meru, na wimbo wake utaongozwa na mtu mwingine.

"Hapana, anti," alisema akitazama kikombe chake. "Yuko macho kabisa."

Cicily alimwachia bega. Pengine, kama asingekuwa amechoka vile, angeuliza tena. Hakuuliza.

Waliondoka Meru, wakapita Nkubu, kisha barabara ikaanza kupinda na kuteremka mabondeni, migomba na mibuni ikiwa pande zote mbili. Jua la alasiri liliwachoma mgongoni. Wambeti aliimba kwa sauti akidhani wimbo utamsaidia mama kukaa macho. Kila mara helmeti ilipoinama, alimbana. Alianza kuogopa. Alitamani kusema, "Mama, simama," lakini hakuthubutu, kwa sababu sasa angelazimika kueleza kwa nini hakusema ukweli Gakoromone.

Walipoipita Igoji kidogo, kulikuwa na kona. Barabara ilikwenda kushoto. Pikipiki ilinyooka.

Wambeti alipiga kelele. Mama alizinduka na kukanyaga breki, lakini walikuwa wameshatoka kwenye lami. Pikipiki iliruka mtaro, ikaingia katika shamba la napia, majani ya kulishia ng'ombe, ikawaangusha wote wawili. Nyuma yao lori la mchanga lilipita kwenye ile kona likipiga honi ndefu, likaenda zake.

Wambeti alikuwa amelala juu ya majani yaliyovunjika. Goti lilimchonyota na kinywa kilijaa udongo. "Mama!" aliita.

"Niko hapa," sauti ya mama ilijibu. Ilikuwa dhaifu. "Usinisogeze mkono."

Cicily alifika mbio, uchovu wote umemtoka. Alimpima Wambeti kwanza, kisha akapiga magoti kando ya rafiki yake, akampapasa bega kwa uangalifu. "Umevunja mtulinga," alisema. Alitoa leso kwenye mzigo wake, akaufunga mkono wa Ruguru kifuani. Alikaza fundo vizuri huku machozi yakimtiririka mashavuni.

Mkulima mwenye lile shamba, mzee aliyeitwa Mutwiri, alitoka mbio na mkewe. Hakuuliza habari ya napia yake. Alileta pikapu yake, akawapeleka hospitali. Picha ya eksrei ilionyesha mfupa umepasuka ila haukuhama mahali pake. Daktari alimpa Ruguru dawa na kumwambia apumzike. Jioni, jua likiwa bado halijazama, walikuwa nyumbani kwa Mutwiri, aliyewakaribisha walale kwake, wakiwa na sahani za githeri mapajani. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Wambeti alimtazama mama yake, aliyeegemea mto huku amekunja uso kwa maumivu. Hakuweza kuvumilia tena.

"Nilidanganya," alisema.

Wote walimgeukia.

"Anti aliniuliza kule Gakoromone. Nilikuwa nimeona unasinzia, mama. Niliona mara nyingi. Nilisema uko macho kwa sababu nilitaka tufike, niimbe." Alianza kulia. "Lile lori lingetukanyaga."

Alingoja kukemewa. Badala yake, mama yake alifumba macho, akashusha pumzi.

"Wewe ulidanganya mara moja," Ruguru alisema. "Mimi nimedanganya siku tatu. Tangu Laisamis nilikuwa nimeishiwa nguvu. Cicily, sikutaka kukuambia. Uliiota safari hii tangu tukiwa wasichana. Niliogopa kukuvunja moyo."

Cicily alimkodolea macho. "Kunivunja moyo mimi? Ruguru, asubuhi pale Isiolo nilishindwa hata kufunga kamba za viatu. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulikuwa kimya. Nilidhani wewe bado una nguvu. Na mimi ni nesi! Kila wiki ninawaambia watu kwamba usingizi hauna shujaa."

Mke wa Mutwiri, aliyekuwa akiwamiminia chai, alitikisa kichwa. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Mmeficha nyote watatu. Mshukuruni Mungu kwamba kilio kimekuwa kidogo. Sasa laleni."

Walilala kabla giza halijaingia. Asubuhi Wambeti aliamka jua likiwa juu sana, mama yake na anti Cicily bado wakikoroma. Alijua kwamba saa ile kanisani kwao Runyenjes watoto walikuwa wameshavaa kanzu za kwaya. Ilimuuma. Hata hivyo hakuwaamsha. Alitoka nje, akamwomba mzee Mutwiri panga, akamsaidia kukata na kufunga mafungu ya ile napia waliyoilaza, ili ng'ombe waile kabla haijakauka.

Mchana baba yake, Kaberia, aliyekuwa amepigiwa simu, alifika kwa pikapu ya kukodi pamoja na dereva wake. Aliwakumbatia mmoja mmoja. Walipakia pikipiki iliyopinda usukani, na ile ya Cicily pia, kwa maana Cicily alisema hataki kugusa usukani mpaka alale usiku mwingine mzima. Walipita Chuka. Wambeti alisinzia begani kwa baba yake, akashtuka katika kila kona.

Walipofika Runyenjes, habari zilikuwa zimewatangulia. Majirani walikuwa wamejaa langoni. Wengine walileta maziwa, wengine walikuja kuona tu. Mzee Njuki alikuwa mbele.

"Poleni sana," alisema akitazama leso begani mwa Ruguru. "Barabara zetu hizi! Ilikuwa shimo, sivyo? Au mwenye gari alikusukuma?"

Wambeti alimtazama mama yake. Ingekuwa rahisi kuitikia kwa kichwa tu. Watu wote wangelaumu shimo, na hakuna ambaye angecheka.

"Hapakuwa na shimo," Ruguru alisema. "Wala gari. Nililala nikiendesha."

Watu walinong'onezana. "Nilisema mimi," mzee Njuki alianza, "safari kama hizi si za—"

"Mzee, ziwa tulilifikia," Cicily alimkatiza kwa heshima, sauti yake ikiwa imekauka kwa uchovu. "Kilichotuangusha si kuwa wanawake. Ni kuona haya kusema tumechoka. Hata wewe ungeanguka."

Mzee Njuki alikuna kidevu. Kisha alisema taratibu kwamba mwaka jana, akitoka Embu na mzigo wa mbegu, yeye pia alizindukia ukingoni mwa barabara. Hakuwahi kumwambia mtu.

Majirani walipoondoka, Ruguru alilala kitandani, akamwita Wambeti aketi karibu.

"Mwalimu wa kwaya atauliza kwa nini hukuwapo," alisema.

"Nitamwambia nilichofanya," Wambeti alijibu. "Chote."

"Vizuri. Sikiliza, mwanangu. Uongo mwingi tunausema ili mambo yaende tunavyotaka, au ili mtu tunayempenda asihuzunike. Tunauona mdogo. Lakini barabara haijui kwamba ulikuwa na nia njema. Ukiona hatari, sema, hata kama mimi ni mama yako na nimesema niko sawa. Ukichoka, sema pia. Mtu akisema 'nimechoka', hajashindwa. Anawapa wenzake nafasi ya kumsaidia."

"Na wewe utasema, mama?"

"Nitasema," Ruguru alijibu. "Nianze sasa. Nimechoka, Wambeti. Nimechoka sana."

Wambeti alimvua soksi, akamfunika blanketi, akafunga pazia. Kisha akatoka polepole kwenda kumwambia baba yake kwamba kazi ya mama ya kukamua ng'ombe jioni hiyo angeifanya yeye.