Firigisi ya Mume wa Bibi

Sogeeni, sogeeni. Hili la nyumba ya pili, msije mkalitangaza.

Shomari ana miaka mitano. Anaishi na Bibi na Babu, huko Muheza.

Bibi hamwiti kwa jina. Humwita "mume wangu". Mabibi ndivyo walivyo, hutania wajukuu.

Lakini Shomari hajui utani. Yeye anaona ni kweli kabisa!

Basi, Babu akasafiri. Alikwenda Handeni kumwona dada yake.

Huku nyuma, jirani akamchinjia Bibi kuku. Sufuria ikachemka. Toko-toko, toko-toko.

Kuku ana firigisi moja tu. Ngumu kidogo, tamu sana. Na nyumba ile, firigisi ni ya mume. Mtu mwingine haigusi!

"Mume wangu, firigisi yako hii," akasema Bibi.

Shomari akatafuna. Nyaku, nyaku, nyaku. Akaimba:

"Mume nani? Mume mimi!
Firigisi yangu mimi!"

Wiki ya pili, kuku mwingine. Toko-toko, toko-toko. Nyaku, nyaku, nyaku.

"Mume nani? Mume mimi!
Firigisi yangu mimi!"

Jumamosi, hodi hodi! Babu huyo, na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mke wangu hajambo?"

Shomari akanuna. "Mke wako nani? Bibi ni mke wangu mimi!"

"Ala!" Babu akacheka. "Nimegeuza kisogo tu, nimeshapinduliwa!"

Mchana, Bibi akapika kuku. Toko-toko, toko-toko.

Wakakaa mkekani. Shomari akanawa upesi. Akanyoosha mkono, tayari.

Bibi akachota firigisi. Akaiweka... kwenye sahani ya Babu!

"Bibi! Mume nani?" akauliza Shomari.

"Mwenyewe karudi, baba. Wewe kula paja."

Paja! Nani anataka paja? Chozi likadondoka kwenye wali. Tii.

Bibi akaenda jikoni kuchukua ndimu.

Babu akainama. Akapanua mdomo, aaaa. "Chungulia. Unaona nini?"

Shomari akachungulia. Juu, meno mawili. Chini, hakuna kitu!

"Mwaka wa tatu huu siwezi kuitafuna," Babu akanong'ona. "Nampa paka."

"Kwa nini humwambii Bibi?"

"Wee! Aseme mumewe kazeeka?"

Shomari akafikiri. Akamtazama paka. Paka naye akamtazama.

"Babu, nipe mimi. Simwambii."

Babu akatupa jicho jikoni. Akaisukuma firigisi kwa kidole, taratibu, mpaka sahani ya Shomari. Shomari akaidaka. Hap!

"Nyau!" Paka akakasirika. Akaondoka zake.

Bibi akarudi na ndimu. Akaitazama sahani ya Babu. Firigisi hakuna.

Akalitazama shavu la Shomari. Limevimba upande mmoja.

Bibi akavuta kanga, akaziba mdomo. Mabega yake yakatikisika, tiki-tiki-tiki.

"Haya, mume wangu," akauliza. "Firigisi ilikuwaje leo?"

"Tamu!" wakajibu waume wote wawili.

Ila aliyekuwa anatafuna ni mmoja tu. Nyaku, nyaku, nyaku.