Kunguru wa Juu ya Paa

Kila asubuhi, kabla ya uji, Mwalimu alimpigisha magoti mdogo wake kando ya cherehani ya bibi. Mwalimu mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa alifundisha kila chenye masikio, hata kuku. Siku hizo alimfundisha Kitindamimba, wa miaka mitano, kumwombea mama yao aliyelazwa hospitalini kwa maradhi ya mapafu.

Kitindamimba naye alikuwa na maradhi yake: kuchungulia. Nzi akipita, jicho moja wazi. Mwalimu akachoka, akatunga sheria. Anayefumbua macho kabla ya kusema amina, sala yake hukwama juu ya paa, ikaliwa na kunguru. Mtoto akafumba macho hadi pua ikakunjamana.

Jumanne mama akafariki.

Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Kitindamimba hakulia. Alijikunyata chini ya meza ya kukatia nguo, macho kayafumba, hali wala hasemi. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Bibi, na mgongo wake ule mbovu, akaingia chini ya meza kumbembeleza.

"Nilichungulia, Bibi," mtoto akanong'ona. "Jumatatu. Kunguru akaila."

Bibi hakuelewa. Mwalimu alielewa. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akapiga magoti, akaingia naye.

"Nilikudanganya. Hakuna kunguru. Mimi mwenyewe nilikuwa nachungulia kila siku, kuona kama umefumba."

"Hata Jumatatu?"

"Hata Jumatatu."

Kitindamimba akafumbua macho, akamtazama weee, kisha akalia kilio cha siku tatu kwa mkupuo mmoja. Halafu akaomba uji.

Bibi alingoja bakuli liishe. Hakugomba, na hilo lilimlemea Mwalimu kuliko kugombezwa.

"Mjukuu wangu, mama yenu hakuuawa na jicho la mtu. Tuliomba, madaktari wakahangaika, na bado akaondoka. Kwa nini, hata mimi sijui. Ninalojua ni kwamba ukimfundisha mtu sala kwa uongo, umemfundisha woga. Tanguliza ukweli, magoti yafuate."

Asubuhi iliyofuata walipiga magoti watatu, macho wazi, mbele ya cherehani. Gauni ambalo Bibi alikuwa akimshonea mama lilikuwa bado pale, mkono mmoja haujaungwa. Nzi akatua juu yake. Wote wakamwona.