Kipanga Aliyefutwa

Supu ya kabichi ilikuwa na ladha ya shaba. Briolanja aliitema, akaionja tena, akaitema.

"Lopo, umetumbukiza nini chunguni?"

"Mimi? Labda ni mikono yako, mke wangu."

"Mikono yangu nimeiosha. Kinywa chako je?"

Lopo alikuwa mgonga muhuri mjini Angra. Kwa amri ya mfalme mpya, sarafu ya shaba isiyo na chapa ya kipanga haikupokelewa sokoni, hivyo watu walimletea kwa vikapu zile za zamani, zenye sura ya mfalme aliyepita. Mkono mmoja ulishika muhuri, wa pili nyundo. Sarafu iliyofuata aliibana midomoni, kama mshonaji na pini zake.

Siku ya tatu fizi zake zilikuwa kijani. Pumzi yake ilinuka utumbo wa samaki uliosahauliwa juani. Briolanja alipompangusa ute mzito uliomchuruzika kidevuni, aliona unywele mweupe ulimini, akauvuta, akauvuta, nao ukazidi kuja, umelowa, mrefu kama wa bibi kizee, hata kooni mwa mumewe sauti ya kike ikakoroma: "Changu kiko wapi?"

Alikimbia kumwita Bibi Mesia, mganga wa mtaa.

"Sarafu za nani uligonga juzi, mwanangu?"

"Za Brasi, mchimba makaburi," Lopo akanong'ona.

"Alaa! Wewe umenyonya nauli ya maiti!"

Marehemu wa Angra huzikwa na sarafu mdomoni, ya kulipia njia. Briolanja alitapika mlangoni. Kisha akapekua rundo la sarafu. Moja tu ilikuwa bado imelowa mate.

Adhuhuri, Brasi alilifukua tena kaburi aliloliibia, huku akilia. Briolanja alishuka mwenyewe, maana asiposhuka angebaki mjane. Alipenyeza sarafu kati ya taya za maiti. Vidole vyake vikazama katika kitu laini, chenye joto. Taya zikaitema.

"Huyu kipanga simjui," maiti akasema. "Nilizikwa na sarafu ya mfalme wangu."

Briolanja aliisugua sarafu kwenye jiwe mpaka chapa ikafutika, akairudisha. Taya zikafunga.

Nyumbani, Lopo alikula bakuli mbili, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Briolanja naye akacheka, mpaka alipotazama ndani ya kinywa cha mumewe. Katikati ya ulimi, palikuwa na chapa ya kipanga, mabawa yamekunjwa.

"Mbona unanitazama hivyo, mke wangu?" Lopo akauliza.

Na kwa kila neno, ndege yule alikunjua bawa.