Kurasa za Chemutai

Nyumbani kwa Mzee Hezekiah, kule milimani Bomet, siku huanza na ng'ombe. Kabla chai haijachemka, ng'ombe wawe wamekamuliwa. Baada ya hapo watu huingia shambani kuchuma majani chai, wakayapeleka kituoni kupimwa.

Kwa miaka mingi Hezekiah na mkewe Chemutai waligawana kazi hizo. Mzee alichuma, Chemutai alikamua. Mzee alinyamaza, Chemutai aliongea. Mgawanyo huo uliwafaa wote wawili, na hakuna aliyelalamika.

Sasa Chemutai alikuwa amefariki. Mazishi yalipangwa kuwa Ijumaa. Uani palisimamishwa hema, akina mama walipika kwa sufuria kubwa, na jamaa walifika mmoja mmoja kutoa pole. Hata ng'ombe mwekundu alionekana kujua kuna jambo. Chemutai alikuwa akimwimbia ng'ombe huyo nyimbo za kanisani wakati wa kumkamua. Tangu mama huyo aondoke, ng'ombe alikuwa anapiga teke ndoo na kuyazuia maziwa yake.

Siku ya Jumatano, baada ya chai ya saa nne, Hezekiah alijifungia katika chumba cha kuwekea mahindi. Juu ya meza palikuwa na laptop aliyoachiwa na binti yake, Beverly, anayefanya kazi Mombasa. Alitaka kuandika wasifu wa marehemu, ule unaochapishwa kwenye programu ya mazishi, kijitabu wanachogawiwa waombolezaji, na kusomwa mbele ya watu.

Mbona asimwachie mtu mwingine? Kulikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia walikuwa wametoka mazishi ya jirani. Wasifu uliosomwa siku hiyo ulisema marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Chemutai alicheka njia nzima.

"Yule mzee alikuwa anafukuza watoto na fimbo," alisema. "Leo amekuwa mpenda watu? Baba Beverly, mimi nikienda, wasinisomee hiyo maneno. Waambie ukweli. Andika wewe mwenyewe."

"Mimi si mtu wa maneno," Hezekiah alimjibu.

"Najua. Ndiyo maana nitakuamini."

Basi alikuwa ameahidi. Na ahadi aliyopewa mtu aliyekwenda zake ni nzito, kwa sababu hayupo wa kukusamehe ukiivunja.

Mlango uligongwa. Aliingia ndugu yake mdogo, Kipkirui, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Kaka, umefika wapi? Saa tisa lazima nipeleke kila kitu Bomet wachapishe."

"Naandika," alisema Hezekiah.

"Na kama haitakuwa tayari, iko hii hapa." Kipkirui aliinua karatasi yake. "Tulitumia kwa mazishi ya mwisho. Tunabadilisha jina tu na tarehe. Inasema alikuwa mcheshi, mkarimu..."

"Naijua hiyo," Hezekiah alimkatiza. "Ngoja saa tisa."

Kipkirui alitoka. Hezekiah akaigeukia kompyuta. Ukweli ni kwamba alikuwa ameandika tangu jana, na hakuwa na hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Mambo yalikuwa yakienda hivi. Angeandika mistari michache kwa kidole kimoja. Halafu angetaka kuona picha ya Chemutai ili akumbuke vizuri. Angesogeza mshale hadi juu kulia, abonyeze kialama fulani, na ukurasa wake ungetoweka mara moja. Baada ya kutazama picha, angebonyeza tena alama ya kuandikia pale katikati ya skrini, na ukurasa uliofunguka ungekuwa mweupe. Maneno yote yamekwenda! Basi angeanza upya. Jana alianza upya, na leo vilevile. Sasa hata kompyuta yenyewe ilikuwa inajikokota kama ng'ombe aliyekula nyasi mbichi za umande.

Angeweza kumpigia Beverly simu. Lakini Beverly alipomwachia laptop alimuuliza, "Baba, umeelewa yote?" Naye akajibu, "Yote." Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Hezekiah alikuwa amejificha vya kutosha.

Saa sita Kipkirui alirudi na kumkuta ameshika kichwa.

"Imekwama?"

"Inameza kila kitu ninachoandika. Na sasa haitaki kutembea."

"Hiyo ni rahisi," alisema Kipkirui. "Ya kwangu ikikwama hivyo, nafinya kitufe cha kuzima mpaka ife kabisa. Halafu naiwasha. Inaamka ikiwa safi."

"Safi kabisa?"

"Safi kabisa."

Hezekiah aliweka kidole kwenye kitufe. Hakuwa na cha kupoteza, au ndivyo alivyodhani.

"Hodi humu ndani," ilisikika sauti mlangoni. "Baba Beverly, nimeleta uji. Wamama wanasema hujakula."

Alikuwa Celine, jirani yao. Watu wa kwao ni wa kando ya ziwa, lakini ameishi hapo miaka mingi akifanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha chai. Mwanawe Phelix alipokuwa mdogo, Chemutai alimpelekea maziwa kila asubuhi. Kwa hiyo wiki hiyo Celine alikuwa ameomba ruhusa kazini, na alikuwa akikata mboga za sukuma na kuosha sufuria kama mtu wa nyumba hiyo.

Aliona kidole cha mzee.

"Unazima? Umehifadhi kazi yako?"

"Kazi gani, Mama Phelix? Hakuna kazi. Nimeandika tangu jana na yote imepotea."

"Imepotea vipi? Nionyeshe ulichokuwa unafanya."

Hezekiah alisita. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelificha tangu jana.

"Mimi sijui hii mashine. Nilimdanganya Beverly."

"Hata mimi sikuzaliwa nikiijua," alisema Celine. Alivuta gunia la mahindi akaketi. "Toa kidole hapo kwanza. Sasa nionyeshe, ukitaka kuangalia picha unabonyeza wapi?"

Mzee alimwonyesha. Pale juu kulia palikuwa na alama tatu. Ya kwanza ilikuwa kistari kidogo. Ya pili ilikuwa mraba. Ya tatu ilikuwa kama msalaba uliolala.

"Nabonyeza hiki kistari."

Celine alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi mshukuru Mungu ulibonyeza hicho. Sikiza, Baba Beverly. Kila kitu unachofungua hapa kinakaa ndani ya dirisha lake. Unaweza kufungua madirisha mengi kwa wakati mmoja. Hiki kistari hakifungi dirisha. Kinalishusha tu chini, lisikuzuie kuona. Mraba unalifanya likue lijae skrini yote, au unalipunguza. Huu msalaba ndio unafunga kabisa."

"Linashuka wapi? Mimi sioni kitu."

"Angalia chini kabisa ya skrini. Unaona huo mstari wenye picha ndogondogo? Huko ndiko yanakongoja. Weka mshale juu ya hiyo picha ya kuandikia. Usibonyeze. Weka tu, ungoje."

Hezekiah alisogelea skrini. Aliuweka mshale hapo, akangoja.

Vikurasa vidogo vikajitokeza, kimoja baada ya kingine, vimejipanga kama watu kwenye foleni ya kupima majani. Kila kimoja kilikuwa na maandishi. Maneno yake yote, tangu jana, yalikuwa hapo.

Machozi yalimtoka Hezekiah, na hakujali kwamba ndugu yake anamwona.

"Zote ziko," alisema mwishowe.

"Zote ziko," Celine alikubali. "Lakini hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Ungezima kwa nguvu, pengine mashine ingekurudishia nusu. Pengine isingekurudishia chochote. Maji yakimwagika hayazoleki."

Kipkirui alikohoa, akaanza kuangalia magunia ya mahindi kwa makini sana.

Kwanza walihifadhi. Celine alimfundisha kushika kitufe kilichoandikwa Ctrl, kisha kubonyeza herufi S, na kuupa kila ukurasa jina lake. "Ukiona mashine inakuuliza kama unataka kuhifadhi kabla ya kufunga, usiharakishe," alisema. "Soma. Ukijibu hapana, imekwenda." Kisha wakafunga picha zote ambazo mzee alikuwa amezifungua na kuzisahau. Hizo alizifunga kwa ule msalaba, kwa sababu kufunga picha hakuifuti. Zilikuwa nyingi, na moja ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mara nne. Kompyuta ikapata pumzi, ikaanza kutembea.

"Sasa tusome," alisema Celine.

Ukurasa wa kwanza ulisema Chemutai alizaliwa wapi na kusoma wapi. Ulikuwa mkavu kama magunzi ya mahindi. Wa pili ulisema hivi:

"Bei ya majani ilipoanguka nilichukua jembe ning'oe chai yote. Chemutai alikuja na kikapu chake akakaa chini katikati ya michai. Akasema, anza na mimi. Nilirudi nyumbani na jembe langu. Chai hiyo ndiyo iliyomsomesha Beverly."

Ukurasa mwingine ulisema kwamba Chemutai hakupenda wageni wanaokuja saa ya kukamua, na kwamba aliwaambia hivyo, hata mchungaji. Mwingine ulieleza jinsi alivyotia mursik, maziwa ya kugandisha, kwenye kibuyu na kumnyima mtu yeyote aliyeomba kabla hayajaiva. Kadiri mzee alivyokata tamaa, ndivyo alivyoandika kweli zaidi.

Kipkirui alikuwa amesogea karibu, anasoma juu ya bega la kaka yake. "Huyo mchungaji alikuwa hapo, mimi nilimwona," alisema. "Alirudi na njaa."

Wakacheka wote watatu. Kisha wakaona haya, kwa sababu nyumba ilikuwa ya msiba. Kisha wakacheka tena.

Ukurasa wa mwisho Hezekiah aliufunika kwa mkono, lakini Celine alikuwa ameshauona. Ulikuwa na mistari miwili tu.

"Chemutai, leo ng'ombe amekataa tena. Nimejaribu kuimba, sauti haitoki."

"Huu si wa programu," alisema Celine kwa upole.

"Si wa programu."

"Basi tuushushe kwa kistari. Hautasumbua mtu."

Zilikuwa zimebaki saa mbili. Celine alimwonyesha namna ya kuweka madirisha mawili kando kwa kando. Unashika kitufe chenye alama ya dirisha, pale chini kwenye kibodi, kisha unabonyeza kitufe cha mshale wa kushoto. Dirisha linakaa upande wa kushoto. Unachagua lingine likae kulia. Upande mmoja waliweka ukurasa mpya. Upande wa pili walifungua zile za zamani, moja baada ya nyingine, wakachukua maneno huku na kuyaweka kule.

"Na ukitaka kuruka kutoka dirisha moja hadi lingine bila kulitafuta," Celine aliongeza, "shika Alt, halafu bonyeza Tab. Yatapita mbele yako. Ukiona lako, achilia."

Hezekiah alijaribu. Dirisha likaja. Akajaribu tena, likaja jingine.

"Mama Phelix," alisema, "hii kitu haikuwa inameza. Mimi ndiye nilikuwa sijui kuuliza."

Saa tisa kamili Kipkirui alipanda boda boda kwenda Bomet, wasifu ukiwa ndani ya flash disk, kile kijiti cha kuhifadhia kazi, mfukoni mwake. Karatasi ya wasifu wa zamani aliiacha juu ya meza, na jioni akina mama waliitumia kuwashia moto.

Siku ya Ijumaa Beverly ndiye aliyesoma. Aliposoma habari ya jembe na kikapu, wanawake waliochuma chai na Chemutai walipiga vigelegele. Aliposoma habari za saa ya kukamua, mchungaji mwenyewe alicheka hadi akatoa kitambaa. Mzee mmoja alimwegemea Hezekiah akasema, "Huyo ndiye Chemutai. Nimemsikia." Hezekiah aliinamisha kichwa. Alikuwa ametimiza ahadi yake.

Baadaye, kabla Beverly hajarudi Mombasa, mzee alimwambia ukweli wote kuhusu ile laptop. Beverly alicheka akalia. Siku hizi wanaongea kwa video kila Jumapili. Mzee huweka uso wa binti yake upande wa kushoto na kumbukumbu za mikutano ya kikundi chake cha wakulima upande wa kulia, naye humsomea kilichoamuliwa. Kompyuta ya Kipkirui ikikwama, huja mbio kwa kaka yake.

"Usifinye hicho kitufe," Hezekiah humwambia. "Angalia chini kwanza. Halafu hifadhi."

Na ule ukurasa wa mistari miwili? Aliutunza, ukiwa na jina la mkewe. Alfajiri moja, mvua ndefu zilipokuwa zimeanza, alitoka zizini na ndoo mkononi, akaingia ndani bila hata kuvua viatu vya gambuti. Akawasha kompyuta, akaufungua, akaandika kwa kidole kimoja, polepole.

"Chemutai, leo nimeimba. Amekubali."

Alishika Ctrl, akabonyeza S. Kisha akapeleka mshale juu kulia, akaushusha ukurasa kwa kile kistari, akaenda kuchuja maziwa.