Sigara Isiyo na Waya

Walikutana kwenye duka la vipuri vya umeme, mwisho wa mwezi, watu wamejaa hadi hakuna pa kutia unyayo. Mwanamume alikuwa kinyozi, shati jeupe limenyooka kwa pasi, mashine ya kunyolea mkononi. Mwanamke alikuwa fundi redio, ovaroli ya buluu, kilemba cha manjano. Muuzaji alipomwambia kinyozi mashine yake imekufa, anunue mpya, fundi alicheka.

"Haijafa hiyo. Imeshiba nywele tu."

"Kumbe dada ni daktari wa mashine?"

"Mimi fundi. Na wewe unanuka sigara kama kibanda cha mlinzi."

Kinyozi akacheka hadi magego yakaonekana. "Wateja wangu nao wanalia hivyo hivyo. Ukimnyoa mtu ndevu, vidole viko puani mwake. Basi nisaidie niache."

Mapenzi yakashika kasi. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, nyota yangu?"

"Nimekula. Na wewe umevuta?"

"Mbili tu."

"Mwongo mkubwa!"

"Haya, pakiti. Nigombeze basi, nisikie sauti yako."

Fundi akaamua kumtengenezea sigara ya betri. Za dukani alishazifungua akazidharau: vijiwaya vyembamba kama unywele, ikianguka mara moja vinaachia. Yake aliikereza kwa bomba la shaba. Betri ilikalia springi, kichwa kikafungwa kwa hesi, kama kifuniko cha chupa, hadi kikagusa ncha ya betri, na bomba lenyewe likarudisha umeme. Ukibonyeza kitako, inawaka. Vitu viligusana tu. Hakuna waya hata mmoja, hakuna lehemu. Bomba lilimchana kidole gumba, akafunga kitambaa akaendelea.

Siku ya kumkabidhi alianza kumweleza. "Ikizimika usiipeleke kokote. Fungua kitako, futa pale..."

"Ya ndani nakuachia wewe," kinyozi alimkatiza, akambusu kwenye paji la uso. "Mimi nimependa mkono ulioitengeneza."

Haukupita muda mrefu akaja amenywea. "Imeibiwa, mpenzi. Nimegeuka kidogo tu pale saluni, siioni." Harufu ya sigara ilikuwa imemrudia. Fundi ndiye aliyembembeleza.

Shangazi yake fundi, aliyeuza vitambaa katika chumba kile kile cha ufundi, aliguna. "Mtu kaibiwa, hata kuuliza jirani hajauliza?"

"Shangazi, muache."

"Mimi nimemuacha. Wewe je?"

Fundi akabana bomba jingine kwenye jiliwa, aanze upya.

Bomba hilo lilikuwa karibu kukamilika alipoingia mwanamke mmoja, gauni la kijani, mkanda mwembamba kiunoni, viatu vikigonga sakafu kwa madaha.

"Habari ya kazi, dada."

"Nzuri, karibu."

Mgeni alifungua mkoba akaweka mezani sigara ya shaba. "Imegoma hii. Mchumba wangu kanitengenezea kwa mikono yake, lakini kuirekebisha kashindwa. Anasema waya umekatika ndani."

Fundi aliishika, akaitambua. Akafungua kitako. Mtu alikuwa amemwaga lehemu ovyo, springi yote imezama humo.

"Mchumba wako ni fundi?"

"Kinyozi! Lakini ana akili huyo, acha tu."

"Dada," fundi alisema polepole, "hii haina waya. Haijawahi kuwa na waya." Akalegeza jiliwa, akalaza bomba jipya kando ya lile la zamani. Yalikuwa mapacha.

Mgeni alitazama, akatazama tena. "Si umeiga tu?"

"Mpigie. Muulize aliiungaje. Weka spika."

Simu haikuita sana. "Malkia wangu!" Sauti ile ile, tamu vile vile.

"Niko kwa fundi. Anauliza, hii uliiungaje?"

"Aa, mwambie autafute ule waya mwekundu. Nilihangaika nao, mama! Bomba likanichana hadi kidole, yote kwa ajili yako."

Fundi alitazama kovu la gumba lake. Hata kidonda alimwibia.

"Waya mwekundu upi, nyota yangu?" akauliza.

Kwenye simu ikasikika mashine ya kunyolea ikinguruma peke yake. Kisha simu ikakatwa.

Mgeni alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Kadi za harusi zimeshagawiwa," alisema. "Ulijua kama mimi nipo?"

"Sikujua."

"Wala mimi." Akafuta macho, akaondoka, sigara akaiacha.

Kesho yake mchana kinyozi akaja, shati jeupe, manukato ya kumtangulia mtaa mzima.

"Na yule yamekwisha. Amenirudishia pete asubuhi. Alikuwa chaguo la wazazi, wewe ndiye chaguo langu. Nikuoe, mpenzi. Taja siku yoyote."

Maneno hayo fundi alikuwa ameyangoja mno, na moyo, bila haya, ukaruka. Akaushika.

"Kwa nini ulimwambia umeitengeneza wewe?"

"Aliikuta mfukoni, akaipenda. Nikakosa la kusema."

"Ungesema umepewa."

"Nimepewa na nani?"

Fundi alimtazama, akingoja asikie mwenyewe alichosema. Kinyozi hakukisikia. Alisimama tu akitabasamu, akisubiri jibu.

"Nenda," fundi alisema.

"Sikiliza, roho yangu..."

"Nimesikia. Nenda."

Alipotoka, fundi aliinamisha kichwa mezani katikati ya redio za watu. Shangazi aliacha vitambaa vyake. Alikwenda akasimama mlangoni, upana wake wote ukiziba njia.

Mteja akaja, redio kwapani. "Fundi yupo?"

"Hayupo."

Mteja akachungulia juu ya bega lake. "Na huyo anayelia?"

"Huyo ni mwanangu," shangazi alisema. "Njoo kesho."