Kibao cha Sikio la Mama

Binti aliinua pasi, akabandua karatasi kwenye kibao cha shaba. Mistari ya wino ilikuwa imetapakaa tena. Kilikuwa kibao cha tatu kuharibika.

"Kimeshika?" mama yake aliuliza kwa sauti kubwa.

Binti akatikisa kichwa.

Baba yake alikuwa fundi redio. Alimtengenezea mkewe kijisanduku cha kukuza sauti, chenye waya wa kuweka sikioni. Siku ya mazishi ya baba kilimponyoka mama, kikatumbukia kwenye beseni la maji. Tangu hapo mama husikia kelele tu, maneno hayamfikii. Baba aliacha mchoro wa njia za umeme. Binti alitaka kutengeneza kibao kipya cha kijisanduku kwa kuuhamishia mchoro huo kwenye shaba.

"Baba yako alipiga pasi mara moja tu," mama alisema. "Wewe unakinyoosha kama sare ya shule!"

Binti alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akachukua mchoro na kibao cha mwisho, akaenda kwa jirani mwenye duka la fotokopi. Watu walimwita Mama Kopi.

"Pasi ina moto huku, huku haina," Mama Kopi alisema. "Na mkono ukicheza kidogo, wino unatapakaa. Marehemu alikuwa na mkono wake, mwanangu. Wewe tumia hii."

Akagusa mashine ya laminesheni, ile ya kuvika vitambulisho plastiki.

"Ndani mna roli za moto. Zinabana sawasawa kila mahali. Ila kibao kiwe chembamba, kisije kikakwama. Na plastiki hatuweki."

Alitoa kopi ya mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, mchoro ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo.

"Lazima iwe mashine ya wino wa unga," alieleza. "Unga huyeyuka kwa moto, ukashika shaba. Wino wa maji hauhami."

Binti alisugua shaba ya kibao mpaka ikang'aa. Kisha akapitisha kiganja juu yake, polepole.

"Aa! Umekipaka mafuta!" Mama Kopi alimaka.

"Mafuta gani, mama?"

"Ya mkono. Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba alifanya hivyo kila mara."

"Halafu?"

Binti alijaribu kukumbuka. "Halafu alifuta kwa spiriti." Akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa naangalia mkono wake tu."

 Mama Kopi alimsogezea chupa ya spiriti na kitambaa safi.

Walipitisha kibao na karatasi kwenye mashine mara kumi. Wakakiacha kipoe, wakakiloweka majini. Karatasi ilipolainika, binti aliisugua kwa kidole gumba. Mistari yote ilibaki, myeusi, bila pengo.

Nyumbani, mama alikishika kibao kwa mikono miwili. "Kitie kwenye dawa basi!"

Binti alionyesha mvua dirishani. Dawa ya kula shaba isiyofunikwa na wino hutumiwa nje, penye hewa, kwa glavu, kwenye chombo cha plastiki kisichorudi jikoni.

"Baba yako angesemaje?" mama aliuliza.

"Angekipapasa kwanza."

"Eh?"

Binti alirudia kwa nguvu. Mama aliitazama midomo yake, akatabasamu bila kuelewa.

Binti alikiweka kibao kwenye rafu ya baba, kando ya glavu na chupa ya dawa. Akamshika mama mkono.

"Kesho dawa," alisema, akihesabu kwa vidole vya mama. "Halafu lehemu. Ndipo nitakwambia angesemaje, nawe utasikia."