Biskuti za Kobe

"Korongo, mrija umeibwa. Mwizi yumo kwenye treni ya kwenda mji wa Kobe, na mfuko wa zawadi. Behewa la nne."

Ayano Kuzuhara, jina la kazi Korongo, aliruka ndani mlango ukilibana koti lake. Kyoto ikabaki nyuma.

Bastola ya Beretta kwapani. Kisikilizi sikioni.

Mrija wenyewe ulikuwa wa chuma, mfupi kuliko kidole, umeshindiliwa chembe za aina mpya: kiini kigumu, ganda lenye vitundu. Dawa ikisukumwa humo kwa shinikizo kubwa, kila kemikali hutoka kwa zamu yake. Mirija ya zamani haikuweza kuitenga sumu iliyojificha ndani ya dawa moja ya kikohozi. Huu uliweza.

Ulikuwa mmoja tu.

Na kontena zima la dawa hiyo lilikuwa forodhani Kobe. Bila ushahidi, lingeachiliwa saa sita mchana. Watoto wangeinywa.

Behewani, watu watatu walikuwa na mifuko ya zawadi, kama kila anayerudi safari. Mkuu wake, Mzee Tatewaki, alimhimiza kwenye kisikilizi awapekue wote. Ayano akakataa. Angemshtua mwizi.

Aliitazama mifuko. Wawili walibeba vitamu vya mdalasini vya Kyoto.

Wa tatu alipakata boksi la biskuti za Kobe.

Ayano akaketi kando yake. "Kaka, mbona unawapelekea watu wa Kobe biskuti zao wenyewe?"

Yule mtu akacheka kidogo. Kisha akasimama ghafla, boksi juu ya kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ukisogea, dada, nalibamiza chini. Chembe zikivurugika humo, utabaki na kipande cha chuma."

Alisema kweli. Ayano hakugusa bastola.

Alisubiri kona.

Abiria wa kila siku waliijua. Mmoja mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye simu zao, wakashika vishikio.

Mwizi hakuwa na mkono wa kushikia.

Treni ikayumba. Teke la Ayano likatua gotini mwake. Boksi likamponyoka, Ayano akalidaka karibu na sakafu.

Forodhani, mkemia aliufunga mrija kwenye mashine. Pampu ikanguruma. Mstari ukapanda kwenye skrini, ukashuka.



Ukapanda tena.

Vilele viwili. Dawa, na kando yake sumu.

Tatewaki aliamuru kontena lizuiwe na wenye mzigo wakamatwe. Kisha akapiga simu.

"Korongo, vitu vyote viko salama?"

"Mrija uko salama, mzee. Biskuti sikuahidi."

Alikwisha kuvuka barabara, akitafuna.